Kifurushi cha mitandao ya kijamii: uzoefu wangu shambani Hombolo, Dodoma

Msimu huu wa zabibu nimetumia kifurushi cha mitandao ya kijamii cha kampuni moja ya simu, yaani MB za WhatsApp na programu nyingine chache tu. Nakipa nyota mbili kati ya tano.

Bei ni nzuri, hilo sikatai. Hela ya chai na chapati inatosha, na WhatsApp inashika hadi katikati ya shamba. Kundi la wakulima liko humo, wanunuzi wako humo.

Shida ni linki. Majani ya mizabibu yalipoanza kuota unga mweupe nilirusha picha kwenye kundi. Bwana shamba akajibu palepale: huo ni ubwiri unga, bonyeza hapa usome kipimo cha salfa. Nikabonyeza, ukurasa ukagoma, ukaja ujumbe kwamba ninunue kifurushi kingine. Na MB zangu hata nusu hazijaisha! Video za vichekesho zinacheza, dawa ya zabibu mpaka ulipe tena. Utabiri wa hali ya hewa wa TMA hivyo hivyo, hauingii. Ikabidi bwana shamba anitumie picha za skrini, ukurasa kwa ukurasa, Mungu ambariki. Humo ndimo nilimosoma kwamba salfa haipigwi jua likiwa kali, maana inaunguza majani.

India walilikataa jambo hili. Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano ilizuia kampuni kutoza bei tofauti kulingana na unachofungua, na Free Basics, huduma ya Facebook ya kufungua tovuti chache bure, ikafungwa huko. Marekani wamevutana sana: kanuni za 2015 za kuzuia kampuni za intaneti kubagua tovuti zilifutwa Desemba 2017, zikarudishwa Aprili 2024, mahakama ikazitengua Januari 2025.

Wanaotetea vifurushi hivi husema kidogo si haba. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayetaka tu kusalimiana na nyumbani, sawa. Ila mimi nikishalipia MB nataka nichague mwenyewe ziende wapi. Kampuni ikinichagulia, mtandao mzima unabaki kuwa programu tatu nne, na mwenye tovuti ndogo ya kilimo hatufikii kamwe sisi wa bei ya chini.

Sasa nanunua bando dogo la intaneti yote. Linaisha mapema na video nimeacha, lakini linki zinafunguka. Kampuni nayo iandike kwenye menyu, kabla mtu hajalipa, kwamba linki za nje hazifunguki. Wakifanya hivyo nitaongeza nyota ya tatu.