Dawa ya kusafisha utumbo: lita 4 jioni moja, au 2 jioni na 2 asubuhi?

Kidonge chenye kamera, kinachomezwa ili kupiga picha utumbo mpana, hakina mrija wa kumwaga maji wala wa kufyonza uchafu, tofauti na kolonoskopi (kipimo cha kamera ya mrija inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa). Kinachobaki ndani ya utumbo mpana ndicho kitakachoonekana pichani. Kwa hiyo ugawaji wa polietilini glaikoli, dawa ya kuharisha inayosafisha utumbo, si jambo dogo.

Ukinywa lita zote 4 jioni, asubuhi huna kazi. Tatizo ni kwamba usiku kucha utumbo mwembamba huendelea kumwaga ute na nyongo, na kukikucha upande wa kulia wa utumbo mpana umeshapakwa utando wa manjano unaoficha vinyama bapa vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo. Isitoshe, lita 4 mfululizo huwatapisha wengi.

Kugawa mara mbili kunakuamsha alfajiri, kero ya kweli, ila ndiyo njia tunayoipendekeza. Jioni, kunywa glasi ya mililita 250 kila dakika 10 hadi 15 mpaka lita 2 ziishe. Asubuhi vivyo hivyo, umalize angalau saa 2 kabla ya kumeza kidonge. Choo kiwe majimaji ya manjano angavu, kama mkojo. Kikiwa bado cha kahawia, mwambie muuguzi kabla hujameza.

Njia zote mbili bado zinahitaji dawa ya kukisukuma kidonge kikishaingia utumbo mwembamba, maana betri ina mwisho wake. Sodiamu fosfeti husukuma vizuri, lakini mwenye figo dhaifu asipewe.