Redio ya kunyonga ya dola 14: naipa tatu juu ya tano

Wengi munaniulizaka kwa WhatsApp kama ile redio ndogo nyekundu bado inatumika, ile ya sola yenye mukono wa kunyonga pembeni, basi naandika hapa mara moja juu nimechoka kujibu mutu moja moja. Ndiyo, inatumika. Ila kuko mambo.

Nilinunua Birere, mutaa wa biashara wa hapa Goma, mashariki ya Congo, mwezi wa kwanza 2025, wiki ile muji wa Minova ulianguka kwa mikono ya waasi wa M23. Muuzaji aliomba 20, tukavutana weee mpaka 14, akaniambia "mukubwa, jua likikosa unanyonga, ukichoka unatia batri, ata vita ikuje utasikia tu." Nikacheka. Tarehe 27 M23 wakaingia Goma, umeme ukakatika, maji yakakatika, intaneti ikaenda, tukawa watu 11 kwa nyumba moja hapa Katindo tumelala chini, redio katikati yetu kama sufuria ya bugali na kila mutu anapewa zamu ya kunyonga. Karton iliandikwa dakika moja ya kunyonga inakupa dakika ishirini za sauti. Uongo mutupu. Ni sita, saba kama sauti umeipunguza. Watoto njo walikuwa wanahesabu.

Sola nayo iko sawa, unaiweka juu ya ukuta wa mawe asubuhi, jioni iko na nguvu ya kutosha mpaka ulale, siku ya mawingu inakupa nusu. Toshi nzuri sana, ile tulitumia kushuka ziwani kuchota maji kabla jua kutoka. Kushaji simu sahau, unanyonga mpaka bega linauma na simu inapanda asilimia mbili.

FM inasikika safi. Safi zaidi ya mahitaji, juu hapa tuko mupakani na redio za ngambo ya bariyeri zinaingia kwa nguvu. Mushale ukiuhamisha kidogo tu, kama upana wa ukucha, unatoka kwa Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa hapa Congo, unaingia kwa Kinyarwanda, na vita ni ileile, usiku ni uleule, lakini ukisikiliza zote mbili utasema wanaongelea inchi mbili zisizojuana. Njo maana kwetu tulianza kutafuta mutu wa tatu, mupatanishi. Na mutu wa tatu alikuwa Angola.

Mie nilikuwa simufuate Lourenço, raisi wa Angola, sana kabla. Nilijua tu kuko "Luanda", yale mazungumzo ya Congo na Rwanda kwenye muji mukubwa wa Angola, tangu mwezi wa saba 2022, kila mara wanasaini, kila mara masasi yanaendelea. Ile ya tarehe 30 mwezi wa saba 2024 walisema bunduki zinanyamaza kuanzia tarehe 4 mwezi wa nane, tukapiga mikono, kisha tukaona. Halafu tarehe 15 mwezi wa 12 maraisi walipashwa kukutana kule Luanda, Kigali ikasema Kinshasa ikubali kwanza kuongea na M23, Kinshasa ikasema haiongeake na M23, mukutano ukakufa siku yenyewe. Sasa ukiwa umelala chini ya meza mwezi moja na nusu kisha, ile habari inarudi kichwani tofauti kabisa.

Jirani yetu, mzee moja alitumikaka zamani kwa reli kule Katanga, alikuwa anakuja kila jioni kusikiliza na sisi juu redio yake haikuwa na batri. Huyo mzee njo alinifungua macho. Sisi vijana tulikuwa tunakasirika, tunasema mbona Angola haisemi waziwazi nani mubaya, inasema tu "pande zote, pande zote" kama mjomba anayeogopa kuharibu harusi. Mzee akasema mwanangu, Angola iko na mupaka na sisi wa kilometa zaidi ya 2500, na kuko reli inatoka kwenye migodi yetu inafika bahari kwenye bandari yao ya Lobito, mimi niliona ile njia ikifungwa 1975 juu ya vita yao, na vita yao iliisha tu 2002. Mutu aliyeunguliwa nyumba miaka 27 hawezi kuja kwako na kiberiti. Lakini pia, akaongeza huku ananyonga, usifikiri anakuja bure, anataka ile reli ipite.

Hapo nikaelewa ule musimamo wao vizuri. Na kusema kweli, kuko kitu moja walifanya ambayo wengine walishindwa: mwezi wa tatu 2025 raisi wetu Tshisekedi alienda Luanda, kesho yake, tarehe 12, Angola ikatangaza kwamba Kinshasa na M23 wataketi uso kwa uso tarehe 18. Kinshasa ile yenye iliapa haitakaa nao! Bila matusi, bila kupiga mutu kidole. Siku hiyo kwetu hakuna aliyegusa mushale.

Sasa sikiliza hapa njo redio iliniletea aibu. Siku chache kisha natafuta Sauti ya Amerika, masafa mafupi, kimya. Nageuza antena, kimya. Napanda juu ya ukuta, kimya, ni ile shhhh tu. Masafa mafupi ya hii mashini yako dhaifu toka mwanzo, antena yake ni fupi na inalegea kwenye shingo, basi nikasema imekufa, nikachukua tornavisi nikaifungua. Skurubu ya mukono wa kunyonga ikaruka, ikaanguka kwenye mawe ya volkano mbele ya mulango, na mwenye anajua yale mawe anajua skurubu ikiingia mule ni ya Nyiragongo. Nikaipeleka kwa fundi Birere. Akaiwasha, akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini: "Redio yako haina kitu. Ni Washington njo wamezima." Kumbe katikati ya mwezi wa tatu wafanyakazi wa ile idhaa waliambiwa wabaki kwao. Alinilipisha franga za skurubu, akaweka moja isiyofanana, na mpaka leo mukono unashikwa na mupira wa tairi.

Kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia kwa mukono uliofungwa na mupira. Tarehe 17 Ulaya ikaweka vikwazo kwa wakubwa wa M23, M23 wakasema hawaende tena. Tarehe 18, siku yenyewe ya Luanda, tukasikia Tshisekedi na Kagame, raisi wa Rwanda, wako pamoja Doha, kwa emiri wa Qatar. Mzee alinyamaza kabisa. Tarehe 24 Luanda ikatoa komunike: Angola inaacha dosie ya upatanishi, Lourenço atashugulika na kazi za Umoja wa Afrika juu njo alikuwa mwenyekiti. Kisha ikakuja Togo kupatanisha, yakakuja mapatano ya Congo na Rwanda kule Washington tarehe 27 mwezi wa sita, na mengine munayajua.

Mie Angola siwalaumu. Nawalaumu kidogo. Wale walioenda Doha bila kumuaga mwenye nyumba njo nawalaumu zaidi, juu bugali ilikuwa tayari kwa meza.

Haya, mukitaka kuinunua: bei ya haki ni 12 mpaka 14, wakisema 20 ondoka polepole watakuita. Vuta antena yote mbele ya kulipa, itikise, ikicheza kataa. Nyonga dakika moja palepale na uhesabu. Garanti haiko, usiulize. Na ukiona idhaa imenyamaza, uliza jirani kwanza, tornavisi iache kwa sanduku.