Kadi ya hoteli hunilipa saa kumi alasiri

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za maabara. Natumwa mara mji huu mara ule, nafika usiku, asubuhi niko kwa mteja na sanduku la vifaa. Mashine ikikubali naondoka na ndege ya usiku, ikikataa naongeza siku. Hoteli za ufukweni sizisemei maana sizijui. Hapa nazungumzia hoteli za katikati ya jiji, na jinsi ninavyozichagua nikiwa na kadi tatu za uanachama wa makundi makubwa ya hoteli, ambapo kila usiku unaolala kwao hukupa pointi za kulipia vyumba na kukupandisha daraja: Marriott Bonvoy, Hilton Honors na World of Hyatt. Ya Accor, kundi jingine, ninayo pia, nitaigusa kidogo mbele.

Kwanza nikiondoe njiani kile ambacho wanachama wengi hukililia: kupandishwa chumba. Mjini, kupandishwa kwenyewe mara nyingi ni kupanda ghorofa tu. Kitanda ni kilekile, meza ni ileile, ila sasa uko ya kumi na nne badala ya ya tano. Au unapewa chumba cha kona, kikubwa kweli, lakini ukuta wake umepakana na lifti, na usiku kucha unasikia mlango ukifunguka na waliotoka matembezini wakiagana koridoni kama vile hawataonana tena. Kanuni za mipango yote zinasema utapewa chumba bora zaidi nafasi ikiwapo, na katikati ya wiki, jiji likiwa na mkutano, nafasi haiwapo. Hata ikiwapo, mtu anayeingia saa tatu usiku na kutoka saa moja asubuhi, hiyo sebule ya ziada ataikalia saa ngapi? Mimi nikifika mapokezini naomba chumba kilicho mbali na lifti na mbali na mashine ya barafu. Naombea usingizi tu.

Ninachokithamini ni muda wa kuachia chumba. Hoteli nyingi hukitaka saa tano asubuhi au saa sita mchana. Mwanachama wa Marriott aliyefika daraja la Platinum, yaani usiku 50 kwa mwaka, anaruhusiwa kukaa hadi saa kumi alasiri bila kulipa zaidi. Hyatt inatoa saa hiyohiyo kwa daraja la Globalist, linalopatikana kwa usiku 60. Kwa mtu wa ofisi huenda isiwe kitu. Kwangu mimi ndiyo kadi yenyewe. Nikimaliza kwa mteja saa nane narudi chumbani, naoga, nafuta mafuta kwenye vifaa, naandika ripoti mezani kabla sijasahau namba za vipuri, nikiweza nalala nusu saa, ndipo naenda uwanja wa ndege nikiwa mtu. Bila saa hizo, sanduku linalala stoo ya mapokezi, na mimi nakaa kwenye kochi la ukumbini na shati la tangu alfajiri, kompyuta mapajani, nikitafuta soketi kama mwizi. Ukitaka kuzinunua saa hizo bila kadi, usishangae kutajiwa hata nusu ya bei ya usiku mzima.

Sasa hapo hapo pana mtego wa mjini, na ndio uliofanya niandike haya. Ahadi ya Marriott ya saa kumi haizihusu hoteli za mapumziko wala hoteli za mikutano. Huko inakuwa ombi: nafasi ikiwapo utapewa, isipokuwapo utaambiwa pole. Hoteli ya mikutano ndiyo lile jengo kubwa linalopakana na kumbi za maonyesho, ndilo lenye picha nzuri kwenye programu ya simu, na kwa wengi wetu ndilo linalokuja kwanza tukitafuta. Unalichagua kwa ajili ya kadi, kumbe kadi yako pale imepunguzwa makali. Hoteli ndogo ya kundi hilohilo, mitaa miwili nyuma, ambayo si ya mikutano, ahadi yake iko palepale. Kwa hiyo kabla sijabuku nafungua ukurasa wa hoteli nione imeorodheshwa kama nini, na kama haieleweki napiga simu hotelini kwenyewe. Simu ya dakika tatu inatosha.

Kwa madaraja yake ya Gold na Diamond, Hilton haitaji saa yoyote. Gold na hata Diamond wanaomba kuchelewa kutoka, na hoteli inaamua kulingana na siku. Wahudumu wengi ni waungwana na wananipa saa nane. Lakini safari yangu ikiishia na ndege ya usiku, na hoteli mbili ziko umbali mmoja, Hilton kwangu inashindwa kwa hilo tu.

Na hata ahadi iliyoandikwa inahitaji kuchungwa. Niliwahi kukubaliwa saa kumi kwa mdomo katika hoteli moja ambayo jina nalihifadhi. Narudi kutoka kwa mteja saa saba, nagusisha kadi mlangoni, taa nyekundu. Narudia, nyekundu. Muda ulikuwa haujaongezwa kwenye mfumo, na kadi za milango hujifunga zenyewe saa ya kawaida ya kutoka ikifika. Nikashuka na sanduku, nikapanga foleni nyuma ya kundi la watalii lililoshuka kwenye basi muda uleule, nikapanda tena, nikakuta wasafishaji wameshatoa shuka. Saa zangu mbili kati ya tatu zikaishia kwenye lifti na foleni. Tangu hapo nikiomba nasimama palepale mapokezini hadi nione muda mpya umeingizwa, kisha namwomba mhudumu aipitishe kadi upya kwenye mashine yao. Wengine wananitazama kama mzee msumbufu. Sawa.

Jambo la pili lenye thamani ni kifungua kinywa, na hapa Hilton inajikomboa. Gold ni daraja la kati tu, lakini katika hoteli zao nyingi nje ya Marekani linakupa kifungua kinywa bure wewe na mwenzako mmoja. Ndani ya Marekani, tangu 2021, wameweka badala yake kiasi cha fedha cha kula kwa siku, na katikati ya majiji ghali kiasi hicho kinaisha kabla hujaketi vizuri. Marriott inakutaka Platinum, na hata hapo inategemea ni nembo gani kati ya zake iliyo juu ya mlango. Sheraton na Westin utapata, ama mezani ama kwenye launji, yaani ukumbi wa wanachama. Ritz-Carlton na EDITION haziko kwenye orodha hiyo, pamoja na kwamba ndizo za juu. Hyatt Globalist anakula vizuri kuliko wote, ila hoteli za Hyatt ni chache mno kulinganisha na wenzao, na miji mingi ninayotumwa haina hata moja.

Kuna hesabu wanachama huisahau. Hampton ya Hilton, Holiday Inn Express na Fairfield ya Marriott kwa kawaida humpa kifungua kinywa kila mgeni, mwenye kadi na asiye nayo. Kujisifia Gold ndani ya Hampton kwa ajili ya chai ya asubuhi ni kujisifia ulichopewa pamoja na jirani yako. Kama unalala usiku mmoja, unatoka saa moja asubuhi bila kurudi tena, hoteli ya aina hiyo karibu na kazi inaishinda ile yenye marumaru na launji. Na launji zenyewe uzichunguze: nyingi za mjini huhudumia watu wa biashara, kwa hiyo zipo zinazofungwa Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo mtu binafsi ndipo anapokuja na mke wake kutumia pointi.

Umbali ndio unaotangulia yote haya, na hapa kadi haina la kuniambia. Hoteli zina tabia ya kujiita kwa majina ya mahali pasipo pao. Moja inajiita ya katikati ya jiji, ukifika unakuta barabara kuu ya magari kati yako na hilo jiji. Mimi siandiki jina la mji kwenye utafutaji. Naandika anwani ya mteja, kisha naangalia muda wa kufika kwa saa moja unusu asubuhi ya siku ya kazi, maana ramani ukiiuliza usiku inakuonyesha barabara tupu. Nikiweza kutembea na sanduku au kupanda treni moja bila kubadilisha, hoteli hiyo inaingia kwenye orodha. Zikiwa mbili au tatu, ndipo natoa kadi.

Tukija kwenye pointi, nitakuwa mkali kidogo. Biashara hii ya kumtunza msafiri kwa pointi ilishika kasi kwanza kwenye ndege, American Airlines mwaka 1981, hoteli zikaiga mwaka 1983, Holiday Inn na Marriott zikiwa mbele. Mlengwa alikuwa mtu kama mimi: bosi analipa chumba, mfanyakazi anakusanya zawadi. Utaratibu huo haujabadilika, na kishawishi chake ni kilekile, kulala kwenye hoteli ghali kuliko inavyohitajika ili akaunti yako inone kwa fedha ya mwingine. Mhasibu wetu analijua hilo kuliko tunavyodhani.

Kilichobadilika ni thamani. Zamani mipango mingi ilikuwa na jedwali: hoteli ya kundi fulani, pointi kadhaa, basi. Hilton iliondoa jedwali lake mwaka 2017, Marriott ikafuata mwaka 2022. Sasa bei ya usiku kwa pointi inapanda pamoja na bei ya fedha, kwa hiyo ile wiki ya maonyesho ambapo chumba cha kawaida kinauzwa kama cha harusi, ndipo na pointi zinaponyanyuka. Hyatt ndiyo iliyobaki na jedwali linaloeleweka, na mjini hilo ni jambo kubwa: usiku ambao kila hoteli imejaa na bei imeruka, pointi za Hyatt zina kikomo unachokijua mapema, mradi chumba cha kawaida bado kipo. Pointi zangu za Hyatt nazitunza kwa usiku wa namna hiyo tu. Za Accor hazina fumbo lolote: pointi 2,000 ni yuro 40 kwenye bili, leo na wiki ya maonyesho. Hutatajirika nazo, lakini hudanganyiki.

Kabla ya kulipa kwa pointi mimi huchukua bei ya fedha pamoja na kodi na ada zote, naigawa kwa idadi ya pointi, kisha naandika jibu kwenye daftari. Likiwa dogo kuliko la safari iliyopita, nalipa fedha. Na ada ni za kuangaliwa, kwa sababu hoteli za mjini, hasa Marekani, zimejifunza kutoza ile ada ya kila siku kwa vitu ambavyo hukuomba: maji, intaneti, simu za ndani. Ukilala kwa pointi tupu Hilton na Hyatt hawakutozi ada hiyo. Marriott bado wanaitoza, kwa hiyo usiku wao unaoitwa wa bure unaweza kukutoa fedha mfukoni. Kwa upande mwingine, Marriott ukibuku usiku tano mfululizo kwa pointi, ule wa bei ndogo kabisa kati ya hiyo mitano haukatwi. Kazi ya wiki nzima ninayojilipia mwenyewe naipeleka huko.

Wakala wa mtandaoni simtumii kwa hoteli za makundi haya. Ukibuku kupitia kwake, kwa kawaida hupati pointi wala usiku hauhesabiwi kwenye daraja lako, na hoteli hailazimiki kukupa kifungua kinywa wala hiyo saa kumi ninayoipigia debe. Bei yake ikiwa ndogo kuliko ya tovuti ya hoteli, Marriott na Hilton wote wana utaratibu wa kudai walingane nayo na kukupunguzia asilimia 25 juu yake, ila vyumba viwe vya aina moja, tarehe moja na masharti yaleyale ya kughairi. Wanakagua kwa darubini. Hoteli isiyo ya kundi lolote, hapo wakala ni sawa tu, na kuna miji ambayo hoteli bora kuliko zote ni ya familia moja na haijui kadi ni nini. Huko kadi inabaki kwenye pochi.

Halafu kuna wale wanaolala hotelini Desemba bila safari, wakiwa na nyumba zao mjini humohumo, ili tu wafikishe usiku 50. Hesabu huanza sifuri kila 1 Januari, kwa hiyo naelewa kiwewe chao. Mimi Novemba nafungua akaunti naangalia. Zikipungua usiku mbili na najua mwaka ujao nina kazi nyingi za kuondoka na ndege ya usiku, nalipia hizo mbili, kwa bei ndogo kabisa itakayopatikana, bila kinyongo. Zikipungua kumi, naacha daraja lishuke, na mwaka unaofuata nabuku Hampton iliyo karibu na mteja.