DG ya vakyumu: kushika mwelekeo safi sana, ila kaskazini yenyewe haiijui

Niseme mapema, kwa rubani wa ndege ndogo anayeruka mchana kweupe hii kitu bado nzuri tu na sioni kwanini watu wana haraka ya kuing'oa. Naongelea DG (kifupi cha directional gyro) ya kawaida, ile saa ya mwelekeo, yani kipimo cha kwenye paneli ya rubani, yenye kindege kimechorwa katikati na namba zinazunguka pembeni. Pampu ya vakyumu inazungushwa na injini, inavuta hewa kupitia filta, hewa inapiga gurudumu dogo lililoko ndani, nalo linakimbia zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika. Likishakolea ni kama pia ya watoto, halitaki kulazwa, kwahiyo ndege ndo inageuka kulizunguka na we unasoma tu umegeuka digrii ngapi.

Utamu wake anaujua aliyewahi kugeuka kwa dira ya sumaku peke yake. Upande wa kaskazini mwa dunia ukianza kona ukiwa umeelekea kaskazini dira inachelewa, saa nyingine inakuonyesha kabisa unaenda upande mwingine, ukielekea kusini inakutangulia, ukiongeza mwendo ukiwa unaenda mashariki au magharibi inajifanya umepindia kaskazini, afu ukivuka ikweta kwenda chini mambo yote hayo yanageuka kinyume. Hapo sijagusa misukosuko ya hewa, maana ikianza dira inacheza tu. DG haina mambo hayo. Ukiambiwa geuka uelekee digrii 240 unalaza ndege, namba zinakuja taratibu, unanyoosha, basi. Tarehe 24 Septemba 1929 pale Mitchel Field, New York, rubani Mmarekani Jimmy Doolittle aliruka na kutua akiwa kafunikwa haoni nje hata kidogo, na DG ya kampuni ya Sperry ilikuwa mojawapo ya saa za paneli alizozitegemea (rubani mwenzake Benjamin Kelsey alikuwa kiti cha mbele kwa usalama tu).

Sasa ubaya wake. Inaonyesha kile ulichoiwekea wewe. Ukiiwekea 090 wakati ndege inaelekea 120 itakutunzia huo uongo kwa uaminifu kabisa, ndo maana kila dakika 10 mpaka 15 unazungusha kile kinobu uilinganishe na dira, na ufanye hivyo ndege ikiwa imenyooka, mwendo umetulia, la sivyo unahamishia makosa ya dira kwenye DG. Inahama kwanini? Kwanza msuguano wa beringi. Pili dunia yenyewe inazunguka digrii 15 kwa saa na gurudumu halina habari nayo, ila hiyo inategemea uko wapi: ikweta ni sifuri, latitudo 30 ni digrii 7.5 kwa saa, kwenye ncha unapata zote 15. Baadhi zina nati ndani ya kurekebisha hilo, imewekwa kwa latitudo fulani, ukihama nayo ng'ambo ya pili ya ikweta nati inaanza kuongeza kosa badala ya kulipunguza, na hapo utamlaumu fundi bure. Kwa kawaida ikihama zaidi ya digrii 3 ndani ya dakika 15 mi naihesabu mgonjwa.

Kinachonifanya niipe nyota mbili tu kwa kuruka mawinguni ni jinsi inavyokufa. Pampu kavu, zile zisizolainishwa na mafuta, zina vipande vya kaboni ndani na zinavunjika bila kuaga, lakini gurudumu linaendelea kuzunguka kwa muda huku linapoteza nguvu, yani namba bado zipo zinakuangalia, hazizimi, zinaanza kuteleza polepole na nyingi hazina hata kibendera cha kukushtua. Na mara nyingi horizoni bandia, ile saa inayokuonyesha ndege imelala au imenyooka, inategemea pampu hiyohiyo kwahiyo zote mbili zinaondoka pamoja. Geji ya vakyumu iangaliwe kila mara bana, nyingi zinatakiwa zikae kama inchi 4.5 mpaka 5.5 za zebaki.

Kwa mawinguni chukua ile inayojirekebisha yenyewe, yenye kihisi cha sumaku huko kwenye bawa mbali na vyuma na nyaya za paneli, hiyo inaivuta jairo (lile gurudumu linalozunguka) irudi kwenye mwelekeo sahihi we ukiendelea na kazi zako. Nzito zaidi, ina mambo mengi zaidi ya kuharibika, ila akili inapumzika. Skrini za kielektroniki zisizo na gurudumu ni tamu pia, cha kuangalia ni kama zimefungwa na kihisi cha sumaku, maana baadhi zikikosa hicho zinakuonyesha njia ya GPS, na upepo wa ubavuni ukiwepo njia ya ndege na pua ya ndege ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ukinunua DG iliyotumika omba ifungwe kwenye ndege na injini iwashwe, iache kama dakika 5 ikolee, iwekee mwelekeo, tembeza ndege chini na kona za kulia na kushoto uone namba zinafuata. Afu zima injini, kaa kimya, sikiliza gurudumu likipunguza mwendo. Linatakiwa literemke laini mpaka lisimame, ukisikia mkwaruzo hizo ni beringi zimeisha, mrudishie mwenyewe.