Una digrii ya historia, unataka ujenzi: saiti au VETA?

Kwa mhitimu aliyeko Tanga asiyewahi kushika mwiko, njia ni mbili: kuwa saidia fundi, au kusomea uashi VETA, mamlaka ya serikali yenye vyuo vya ufundi stadi.

Saiti unalipwa kwa siku, na jicho linajifunza haraka: kutumia timazi (uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umesimama wima), kuchanganya zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), kumwagilia ukuta ili saruji ikomae vizuri. Kazi inachosha kwelikweli, na fundi mara nyingi hana muda wa kukueleza sababu.

VETA wanaeleza, wanafundisha kusoma ramani, wanatoa cheti. Ada unatafuta mwenyewe.

Mimi ningeanza saiti. VETA hurasimisha hata ujuzi uliopatikana kazini, basi cheti kitafuata. Na digrii usiifiche: mwambie msimamizi unaweza kushika daftari la stoo na kuandika ripoti.