Valvu ya rejeta inavuja: chupa ya dawa, tepu nyeupe na valvu za Danfoss

Tunaishi Leicester mwaka wa saba sasa, nyumba ya zamani ya matofali mekundu yenye rejeta nane za ukutani, yaani vyuma vinavyopitishiwa maji ya moto ili kupasha vyumba joto, na boila moja ya gesi inayopasha maji hayo. Novemba iliyopita presha ya boila ilianza kushuka. Usiku naacha geji ya presha iko 1.3, asubuhi naikuta 0.8. Najaza maji, inashuka tena. Nilikagua kila chumba sikuona kitu, mpaka siku naokota soksi za mwanangu chini ya rejeta ya chumbani kwake nikashika kapeti: chepechepe, na maji yenyewe meusi. Kushuka sebuleni, dari ina doa la rangi ya chai. Niliumia sana, maana dari hiyo tuliipaka rangi wenyewe mwaka juzi.

Kwanza nilinunua chupa ya dawa inayomiminwa ndani ya mfumo ili izibe mivujo. Jina silitaji. Paundi 14, wiki mbili, tone halikupungua. Nyota moja.

Ndipo nikampigia kaka mmoja fundi bomba, mtu wa Mombasa. Akaniambia, "Dadangu, usinunue kitu kabla hujajua maji yatokea wapi." Nikaikausha valvu vizuri kwa taulo, kisha nikazungushia tishu kavu sehemu tatu: juu penye pini (kijiti kinachofungua na kufunga valvu), chini nati inaposhika bomba, na ubavuni valvu inapoingia kwenye rejeta. Panapolowa kwanza ndipo penye shida. Kwangu ilikuwa kwenye pini.

Dawa yake ilikuwa roli la tepu nyeupe ya PTFE, ile ile mafundi wanayozungushia nyuzi za bomba, chini ya paundi 2. Nilisubiri rejeta ipoe, nikafunga valvu zote mbili za rejeta hiyo, moja kila upande. Ile ya upande wa pili ihesabu mizunguko unapoifunga, ili uirudishe pale pale ilipokuwa, la sivyo rejeta nyingine zitakosa joto. Nikavua kifuniko cha plastiki na kujaribu kukaza nati ndogo ya pini robo mzunguko kwa spana. Bado inatoa jasho. Nikaifungua, nikazungushia pini tepu iliyosokotwa kama uzi, nikaisukuma ndani kwa bisibisi nyembamba, nikarudisha nati. Kavu! Kwa bei hiyo, nyota tano, na roli limebaki karibu zima.

Rejeta ya chumba chetu ilikuwa kesi nyingine. Pale tishu ililowa chini, kwenye nati ya bomba, na nati yenyewe imeota kutu ya kijani. Hapo sikutaka kulazimisha kwa spana, bomba la shaba la milimita 15 likipinda ni balaa. Kaka alikuja, akamwaga maji ya mfumo mzima, akakata kipande kilicholika, akafunga valvu mpya za kampuni ya Danfoss, zile zenye kichwa cha kujirekebisha kulingana na joto la chumba. Alipojaza maji upya aliweka na dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu weusi ule ni chuma cha rejeta kinacholika kwa ndani.

Nimezitumia majira yote ya baridi na nazipa nyota tano. Kichwa kinashika kwa mlio mmoja, hakichezi. Nikiweka 3 chumba kinakaa kwenye nyuzi 20 hivi. Namba si nguvu ya moto, kwa hiyo kuweka 5 hakupashi chumba haraka zaidi. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba sili ya pini, ile inayozuia maji yasipenye hapo, inabadilishwa bila kumwaga maji ya mfumo. Baada ya niliyopitia, hilo peke yake lingenifanya nizinunue. Ila ukumbini, penye kidhibiti joto cha nyumba, hatukuweka. Viwili hivyo chumba kimoja vinagongana.

Boila sijaigusa wala usiiguse. Uingereza kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi.

Geji leo asubuhi ilikuwa 1.3, na sijajaza maji tangu Desemba. Kapeti la mtoto tulilitupa. Doa la dari bado lipo, nangoja pakauke kabisa ndipo nipake rangi.