Vidonge vya manjano vya kuzuia makovu ya jicho

Vidonge hivi vya dondoo ya kiungo cha manjano na pilipili manga, ambavyo jina lake la biashara silitaji, vinauzwa kwa watu wanaosubiri upasuaji wa macho au waliokwisha kufanyiwa. Mbele ya kasha imeandikwa kwamba vinazuia makovu ndani ya jicho. Nyuma, kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazima huzisoma kwa taabu, imeandikwa kwamba havikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Maandishi ya nyuma ndiyo ya kuaminika.

Wazo lenyewe si la kubuni. Jicho likijeruhiwa, protini iitwayo TGF-beta huzichochea seli za tishu zigeuke kuwa seli zenye nguvu ya kujikunja na kumwaga kolajeni, protini inayojenga kovu, bila mpangilio. Konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, ikipata kovu hupoteza uangavu. Kwa mgonjwa wa glaukoma, yaani presha ya jicho, kovu huziba njia mpya ya maji aliyofunguliwa na daktari. Na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iliyorudishwa mahali pake huweza kuvutwa hadi ikabanduka tena. Kukumini ya manjano, rezveratroli ya ngozi ya zabibu na kemikali za chai ya kijani zimeonekana kupunguza mwenendo huo kwenye seli na kwa wanyama. Lakini seli za maabara huwekwa ndani ya kemikali hizo moja kwa moja, jambo ambalo kidonge hakiwezi kulifanya.

Nilifungua kimoja nikamimina unga wake katika glasi ya maji: ulielea, ukaganda kwenye kingo, na hata baada ya kukorogwa haukuyeyuka. Utumbo hufyonza kukumini kidogo, ini huibadilisha upesi, na chembe zinazobaki katika damu hukutana na kizuizi kinachoilinda retina. Konea, kwa upande wake, haina mishipa ya damu kabisa. Kasha linajivunia jaribio la mwaka 1998 ambamo piperini ya pilipili manga iliongeza upatikanaji wa kukumini katika damu ya watu kwa asilimia 2,000, ila halisemi kwamba kiasi cha kuanzia kilikuwa kidogo mno. Piperini hiyohiyo huweza pia kupandisha kiwango cha dawa nyingine mwilini, na karatasi ya maelezo imelinyamazia hilo, kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote.

Madaktari wa glaukoma hupaka mitomaisini C, dawa kali itokanayo na bakteria, papo hapo kwenye eneo la upasuaji kwa dakika chache. Kidonge hakina namna ya kushindana na hilo, nami nakipa nyota moja kati ya tano, kwa vile tu kimefungashwa vizuri. Anayefikiria kuukoroga unga huu na kuudondoshea jichoni auache kabisa: haujatakaswa vijidudu, na maambukizi ya konea huacha kovu.